Kiyoyozi kinanguruma juu ya paa, mtoto anaungua mapajani

Oktoba mwaka jana nilipanda basi Tabora kurudi nyumbani Mpanda, mimi na mwanangu ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba. Basi lilichelewa kuondoka. Hadi tunaiacha Ipole na kuingia pori la kuelekea Koga, ilikuwa imekaribia saa sita mchana na jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu.

Kiyoyozi kilikuwepo. Kilikuwa juu ya paa, kinanguruma tangu stendi. Lakini kwenye yale matundu mawili juu ya siti yangu ilikuwa inatoka hewa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu. Abiria mmoja akafungua kioo. Konda akapaza sauti kutoka mbele: "Fungeni vioo jamani, AC inafanya kazi!" Mtu akamjibu kutoka nyuma: "Inafanya kazi gani?" Watu wakacheka. Dakika tano baadaye mbung'o wakaingia, kicheko kikaisha, na kioo kikafungwa.

Pembeni yangu alikaa mdogo wetu mmoja, mama kijana, na kichanga cha wiki sita. Alikuwa amemvalisha sweta, soksi na kofia ya sufu, halafu akamfunika shali mbili. "Niliambiwa gari lina AC, dada," aliniambia. "Naogopa asije akapata nimonia." Mtoto alikuwa amelowa jasho shingoni na analia kilio chembamba, cha kuchoka. Nilimgusa kifua, nikashtuka. Kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, kipimajoto hakitoki kwenye mkoba. Tulimpima kwapani, kikasoma nyuzi joto 38.1.

Mzazi mwenzangu, leo nataka tuzungumze kuhusu kiyoyozi na feni: kwa nini mashine inaweza kunguruma safari nzima na mtoto akaendelea kuungua mapajani mwako, na nini unaweza kufanya wewe mwenyewe, ndani ya basi na nyumbani chini ya bati. Nitarudi kwa yule kichanga, kwa sababu nyuzi 38.1 kwa mtoto wa wiki sita si jambo la kulichukulia kwa mzaha.

Imezibwa pua

Tulianza na mtoto. Tulimvua kofia, soksi, sweta na shali zote mbili, akabaki na nguo moja nyepesi ya pamba, na mama akamnyonyesha. Mimi nikampepea kwa daftari langu.

Nyuma yetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa anatutazama. Nikamgeukia: "Shikamoo baba. Hii mashine imekufa?"

"Marahaba mwanangu. Haijafa. Imezibwa pua."

Kumbe alikuwa fundi friji, tena jirani yangu wa huku Misunkumilo. Basi liliposimama Inyonga watu wale, alimwomba konda bisibisi. Akafungua ule wavu wa katikati ya dari, mahali ambapo kiyoyozi kinavuta hewa ya ndani, akatoa chujio. Sikuamini. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama blanketi la kijivu, huwezi kuona mwanga upande wa pili. Akaenda nalo pembeni, akalikung'uta, akalisuuza kwa maji ya dumu, akalikausha kwa kitambaa na kulirudisha.

Kisha akaangalia juu na kuona mlango wa dharura wa paani umeachwa wazi kidogo, kiasi cha vidole viwili. Akaufunga. Akawaomba abiria wa upande wa jua washushe mapazia. Mwisho akaenda siti za mbele, ambako watu walikuwa wameziba matundu yao kwa karatasi kwa sababu upepo ulikuwa unawapiga usoni. Akawaelekeza wageuze vile vifuniko ili upepo uende pembeni.

Kazi yote haikufika nusu saa. Tulipoondoka Inyonga, matundu ya juu ya siti yangu yalianza kutoa baridi. Haikuwa baridi ya kutetemeka, lakini mwanangu alilala.

Mashine inabeba joto

Wiki iliyofuata nilimfuata mzee kwenye karakana yake, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamuuliza maswali hadi akanunua chai. Jambo la kwanza aliloniambia ndilo ninalotaka ulishike leo hata kama hutashika lingine: kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la ndani na kulitupa nje.

Ndani ya mabomba yake kuna gesi inayosukumwa na kompresa. Upande mmoja gesi inanyonya joto la hewa ya ndani, upande wa pili inaliachia joto hilo kwenye hewa ya nje. Kwenye mabasi mengi pande zote mbili ziko kwenye lile sanduku la juu ya paa, na kompresa iko kwenye injini, inazungushwa kwa mkanda. Ndiyo maana basi likisimama muda mrefu kwenye foleni ya mizani huku injini ikiunguruma taratibu, ubaridi unapungua: kompresa nayo inazunguka taratibu.

Mfikirie mvuvi wa Karema anayetoa maji kwenye mtumbwi unaovuja. Anaweza kutoa maji kwa nguvu zake zote, lakini kama tundu ni kubwa kuliko kopo lake, mtumbwi utazama tu. Kiyoyozi ndilo kopo. Dirisha lililo wazi, pazia lililofunguliwa upande wa jua na paa linaloungua ndiyo matundu. Ukitaka ubaridi, ziba matundu kwanza, halafu hakikisha kopo halijatoboka.

Hili si la mabasi yetu pekee. Marekani kuna familia zinazosafiri, na nyingine kuishi kabisa, kwenye magari yenye vitanda na jiko ndani. Mengi yana kiyoyozi juu ya paa kama la basi letu, kidogo tu zaidi. Wenyewe wana malalamiko yale yale ya mashine kulia huku watoto wanatoka jasho, na dawa wanazotumia ni zile zile za mzee wetu. Wanaegesha kivulini. Wanasafisha chujio. Wanaziba dirisha la paani kwa kipande cha sponji nene. Wanafungua kifuniko cha ndani na kuziba nyufa kwa utepe wa foili, kwa sababu mara nyingi hewa iliyopozwa inapenya kwenye nyufa hizo na kunyonywa tena na mashine kabla haijawafikia watu.

Utajuaje kama mashine yenyewe ni nzima? Mzee ana kipimo rahisi. Weka kipimajoto cha chumba mahali hewa inapoingia kwenye kiyoyozi, soma. Kiweke mahali inapotoka, soma tena. Baada ya robo saa ya kufanya kazi, hewa inayotoka iwe imepoa kwa nyuzi 8 hadi 11 hivi kuliko inayoingia. Ukipata tofauti hiyo na bado ndani ni moto, usimlaumu fundi wala gesi. Joto linaingia kwa kasi kuliko linavyotolewa, tafuta linakopitia. Tofauti ikiwa ndogo sana hata baada ya kusafisha chujio, hapo mwite fundi.

Na maji yanayodondoka chini ya basi au nje ya dirisha la ofisi? Hayo ni unyevu uliotolewa kwenye hewa, dalili kwamba mashine inapoza. Yakianza kudondokea ndani, bomba la kuyatoa limeziba. Ukiona barafu imejijenga kwenye mabomba ya ndani, mara nyingi hewa haipiti vizuri. Zima upoozaji, acha feni peke yake izunguke hadi barafu iyeyuke, kisha safisha chujio.

Ukiwa abiria na mtoto

Huwezi kupanda juu ya paa la basi. Lakini yapo ya kufanya ukiwa kwenye siti.

Chagua upande wa kivuli. Kutoka Mpanda kwenda Tabora basi linaelekea zaidi kaskazini na mashariki. Asubuhi jua litakuwa upande wa kulia, kwa hiyo kaa kushoto. Ukirudi asubuhi kutoka Tabora, jua liko kushoto kwako, kaa kulia. Kama siti zimejaa, shusha pazia la upande wa jua mapema, kabla siti haijapata moto.

Amua jambo moja, vioo wazi au kiyoyozi. Kiyoyozi kikifanya kazi, funga vioo. Kikishindwa kabisa, omba kizimwe na vioo vifunguliwe pande zote mbili, upepo upite. Nusu kwa nusu inaharibu vyote viwili. Na kila basi linaposimama, milango na vioo vifunguliwe kidogo hewa ibadilike, kwani hewa ya kiyoyozi cha basi huwa inazungushwa ile ile, na ndani mnaweza kuwa na mtu mwenye kifua kikuu au mafua makali.

Geuza tundu la hewa lisimpige mtoto usoni moja kwa moja. Upepo upite juu yake au pembeni.

Usimfunike mtoto kichwa kwa kanga au kitenge ili "asipigwe upepo". Chini ya kitambaa hewa haitembei na joto linapanda haraka. Kama jua linamfikia, ziba dirisha, usimzibe mtoto.

Na zungumza na konda kwa upole. Mwulize: "Kaka, chujio la AC limesafishwa lini?" Makonda wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo. Barabara kuu ya Tabora siku hizi ni ya lami, lakini mabasi yetu bado yanapita kwenye vumbi la mitaa na vituo, na chujio ndilo linalomeza vumbi hilo.

Jambo la mwisho hapa halihusu basi. Usimwache mtoto kwenye gari lililoegeshwa, hata kwa dakika tano za kununua mkate, hata kama umeacha kioo wazi kidogo. Kwenye jua kali, joto ndani ya gari linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika kumi tu, na kioo kilichofunguliwa kidogo hakisaidii. Mwili wa mtoto mdogo unapata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Nyumbani chini ya bati

Wengi wetu Misunkumilo hatuna kiyoyozi. Tuna feni, umeme ukiwepo, na tuna bati. Lakini somo la mtumbwi ni lile lile.

Bati kwenye jua kali la Septemba na Oktoba linaweza kufika nyuzi 60, na kama hakuna dari, joto hilo linakushukia kichwani kama jiko lililogeuzwa. Kwa hiyo kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, kabla ya kununua feni ya pili, fikiria dari kwenye chumba cha watoto. Acha matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu juu ya dari, yenye wavu, ili joto la chini ya bati lipate pa kutokea. Kama dari haiwezekani, kupaka bati rangi nyeupe upande wa nje kunarudisha sehemu ya jua lilikotoka. Mwembe uliopandwa upande wa magharibi utachukua miaka, lakini hautaomba umeme.

Dirisha linalopigwa na jua la mchana lizibe kwa nje: mkeka, turubai, kibaraza cha makuti au nyasi. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia chumbani.

Kuhusu madirisha, watu wengi hufungua mchana kutwa na kufunga usiku. Kama nyumba yako ina dari na kuta nene za tofali, fanya kinyume: fungua usiku na alfajiri hewa ya baridi iingie, na ikifika saa nne hivi funga na kuteremsha mapazia. Lakini kama ni bati tupu lisilo na dari, kufungia mtoto ndani saa nane mchana ni kumweka kwenye oveni. Fungua kila kitu, mtoke mkakae chini ya mti.

Feni haipozi hewa, inapoza ngozi kwa kukausha jasho. Kwa hiyo haina faida kuiacha izunguke chumba kisicho na mtu. Jioni, nje kukishapoa, iweke dirishani ikiangalia nje, na fungua dirisha la upande wa pili. Itasukuma joto lililobaki ndani na kuvuta hewa ya baridi. Ukienda kulala, igeuze iangalie kitandani. Futa mapanga yake, maana vumbi likijaa feni inavuma bila upepo.

Joto letu la kabla ya mvua ni kavu, na hilo ni bahati. Ndiyo maana mtungi wa udongo unapoza maji Mpanda: unatoa jasho, jasho linakauka, na linapokauka linaondoka na joto. Kitambaa kilicholowa, kilichotundikwa mbele ya feni na dirisha likiwa wazi, kinafanya kazi hiyo hiyo. Ndugu yako wa Dar es Salaam akijaribu wakati wa unyevu mwingi ataona faida ndogo tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike pale tu joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 40. Likipita hapo feni inampulizia mtu joto badala ya kumpoza. Kwetu siku za namna hiyo si za kawaida kivulini, lakini ndani ya chumba cha bati kisicho na dari zinaweza kutokea. Siku hiyo tumia maji na kivuli.

Tahadhari moja: kama mnapikia ndani kwa mkaa, usifunge madirisha kwa sababu yoyote ile. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Kama una kiyoyozi cha ukutani, kiweke nyuzi 24 hadi 26. Kukishusha hadi 16 hakukifanyi kipoze haraka. Kinafanya kazi muda mrefu zaidi na umeme unaisha. Toa chujio kila baada ya wiki mbili kipindi cha vumbi, lisuuze, likauke, lirudishe. Sanduku la nje lisizibwe na maua wala maboksi, na lisafishwe kwa maji ya polepole. Maji ya presha kubwa yanalaza vile vibati vyake vyembamba, na hapo hewa haipiti tena.

Homa au joto la nje?

Sasa turudi kwa kichanga chetu.

Hofu ya mama yake ilikuwa nimonia. Nimeisikia hofu hiyo tangu nikiwa mtoto na najua inatoka kwenye upendo. Lakini nimonia inaletwa na vimelea, si na hewa ya ubaridi yenyewe. Kichanga anahitaji kukingwa na baridi kali, ndiyo, ila kumvalisha nguo za Mbeya ya Juni kwenye basi la Mpanda la Oktoba ni kumweka kwenye hatari nyingine. Kanuni rahisi ni kumvalisha kiasi unachovaa wewe, ukiongeza nguo moja nyepesi tu kama kuna baridi. Mguse kifuani au mgongoni, si mikononi wala miguuni. Kifua kikiwa cha moto na shingo imelowa, punguza nguo.

Mtoto wa chini ya miezi sita haongezewi maji hata kwenye joto. Maziwa ya mama, kwa sehemu kubwa sana, ni maji, na yanatosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji. Aliyevuka miezi sita apewe maji safi kidogo kidogo.

Ukikuta mtoto ana joto baada ya kukaa kwenye basi au chumba cha moto, mtoe kwenye joto, mpunguze nguo, mnyonyeshe, mfute kwa kitambaa cha maji ya kawaida, si ya barafu. Mpime tena baada ya nusu saa. Joto lililotoka nje ya mwili huwa linashuka. Homa inayotoka ndani haishuki kwa kuvuliwa sweta.

Lakini hapa usinisome vibaya. Malaria ipo Katavi, na mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa, si kukisiwa. Akifikisha nyuzi 38 na isishuke, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kichanga ambaye hajafikisha miezi miwili ana kanuni yake: akisoma kwapani nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, aonwe na mtaalamu wa afya bila kusubiri, hata kama unaamini ni joto la basi.

Mtoto wa umri wowote akiwa amelegea, hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, anapumua kwa shida, au ngozi ni ya moto na haamki vizuri, hiyo ni dharura. Endelea kumpoza huku mkielekea hospitali.

Tulipoondoka Inyonga tulimpima tena yule kichanga: 37.3. Ananyonya vizuri, analala, anaamka. Mama yake alitaka kwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe aliyekuwa anamsubiri. Nilimwambia, mdogo wangu, pitia hospitali kwanza, mama mkwe atasubiri. Aliposita, yule mzee akasema kutoka nyuma, "Mashine nimeisafisha mimi, lakini mtoto aangaliwe na wenye mtoto wao." Tulishuka Mpanda, nikampakia bajaji. Usiku alinipigia simu: amepimwa malaria, hana, daktari amemwangalia kila mahali na kumruhusu, akamwambia arudi haraka akibadilika. Shali moja amempa wifi yake.

Chandarua ndiyo sababu

Unaweza kuuliza kwa nini ukurasa wa familia umehangaika na chujio na bati hivi. Sababu nimeiona nyumba kwa nyumba katika kazi yangu. Ukiwauliza wazazi kwa nini mtoto hakulala ndani ya chandarua jana, jibu ninalopewa mara nyingi ni fupi: "Joto." Chandarua kinapunguza upepo, chumba ni cha moto, mtoto analia, saa saba usiku mzazi aliyechoka anakunja chandarua juu. Mbu hawana haja ya mwaliko zaidi ya huo. Mvua za Novemba zikianza, ndipo wanapoongezeka.

Kwa hiyo chumba kilichopoa ni kinga ya malaria pia. Sogeza feni karibu na kitanda ipulize kupitia chandarua, kwani wavu unakula nguvu ya upepo, lakini waya na mapanga viwe mbali na mkono wa mtoto. Lipoze chumba jioni kwa dirisha na feni, kabla hamjalala. Mlaze mtoto na nguo moja. Halafu teremsha chandarua na kichomeke chini ya godoro.

Mwaka huu nimeweka dari kwenye chumba kimoja tu, cha mtoto. Sebule itasubiri. Juzi saa nane mchana nilitundika kipimajoto kwenye vyumba vyote viwili kwa saa nzima: sebuleni 36, chumbani 31. Mzee fundi alipokuja kunywa chai aliangalia zile namba, akaangalia bati la sebule, akasema nianze kuweka akiba.